Mkono Uliovunja Hautoi

Mueni alinipigia simu asubuhi nikiwa naosha vyombo. Akasema, "Auntie Nekesa, baba ametuacha." Nilijipangusa mikono kwa leso nikakaa kwenye stuli, na kitu cha kwanza kilichonijia, naona haya kukisema, hakikuwa sura ya marehemu bali harufu ya mshumaa unaoyeyukia kwenye chuma cha moto. Nikamuuliza kama mama yake amekula. Akasema amekunywa uji nusu kikombe, na kwamba watu watakuwa wakikutana kwao Makongeni kila jioni mpaka siku ya kumsafirisha Ukambani. Nikasema nitafika. Kufika si kazi. Tangu mwaka ule ninaotaka kuueleza hapa nimeishi Maringo na baba yake Mueni, Wambua, Makongeni, barabara ya Jogoo tu ikiwa kati yetu, na kwa miaka yote hiyo Wambua hakuwahi kuitikia salamu yangu. Nilimsalimu nje ya kanisa, nikamsalimu kwenye kioski cha maziwa, na kila mara alinitazama kwa upole, kama mtu anavyoitazama nyumba aliyowahi kupanga zamani, akaendelea na safari yake. Mimi shule niliiachia kidato cha pili. Huwa naandika mambo ya siku yangu kidogo kidogo, na nikiyasoma kesho yake naona nimejipendelea, nafuta. Hili la Wambua nimelifuta mara nyingi. Safari hii nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hata Oti niliyefanya naye kazi, na hata mimi nikiweza.

Karakana ya Mzee Shikuku ilikuwa upande wa nyuma wa soko la Burma, mabati matupu juu ya nguzo za reli kuukuu, na moshi wa nyama choma ulikuwa unatuingilia tangu saa nne asubuhi hata ukienda nyumbani watu wanafikiri umekula. Hatukuwa tunatengeneza magari. Magari yalikuwa na mafundi wao kila kona. Sisi tulikuwa tunaletewa yale ambayo mafundi hao wamekwama nayo. Bolti ikikatika ndani ya mashine, kichwa kinabaki kwenye spana na mguu unabaki ndani ya tundu, na ule mguu ndio shida. Umeota kutu, umeshikana na ukuta wa tundu kama jino, na ukiutoboa vibaya unaharibu thredi, ile mikunjo ya ndani inayoshika bolti. Thredi ikiisha, injini nzima inakuwa chuma chakavu kwa sababu ya tundu moja lisiloingia hata kidole. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa ni hiyo: kutoa miguu iliyokatika, na pale thredi ilipokufa, kupanua tundu, kukaza bushi, kibomba kifupi cha chuma, ndani yake, halafu kukata thredi mpya ndani ya bushi kwa tapu. Tapu ni kama bolti yenye meno. Ni ngumu sana, na kwa ugumu wake ni rahisi kuvunjika, na tapu ikivunjikia ndani ya tundu umeongeza tatizo juu ya tatizo, maana hiyo hata drili haiigusi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sikuwa mgeni wa kazi. Nilisimama meza moja na Wambua, yeye upande wa vaisi, kile kibano cha chuma, mimi upande wa drili. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, msafi, anayevaa shati la kola hata chini ya ovaroli. Watu walimletea kazi kutoka mbali kwa ajili ya mkono wake. Walisema mkono wa Wambua unasikia. Na ni kweli, kabla tapu haijavunjika inakuwa laini kidogo kwenye vidole, inapinda kama tawi bichi, na yule anayesikia ile dakika anarudisha nyuma, anapaka grisi, anaanza tena. Asiyesikia anasikia mlio. Wambua alikuwa anafunga macho. Aliniambia, "Fundi, usiitazame. Macho yana haraka." Alikuwa mtu wa kwanza kuniita fundi bila kucheka mwishoni. Chuma kikikataa kabisa alikichoma kwa gesi, halafu anagusisha mshumaa wa dukani kwenye mpaka wa bolti na tundu, na nta ile inanyonywa ndani kwenye kutu kama chai kwenye mkate. Na kujua kama joto limefika hakutumia kifaa. Alishusha kiganja chake polepole kuelekea kwenye chuma, akasimamisha hewani, akasema, "Bado," au, "Sasa."

Kulikuwa na sheria moja pale, na aliyeileta ni yeye, alisema aliikuta kwa wazee wa karakana za reli. Mkono uliovunja hautoi. Ukivunja bolti au tapu, unasema kwa sauti, "Nimevunja," unaweka chombo chini, unarudi nyuma, na mwenzako anakuja mahali pako kutoa. Hakuna anayecheka, hakuna anayeuliza ilikuwaje. Unapewa chai. Mara ya kwanza iliponipata mimi nilisimama pale nikiwa nimeshikilia kipande, machozi karibu, nikasema nitaitoa mwenyewe, nipewe tu nafasi.

"Sema," Wambua akaniambia.

"Niseme nini, na umeona?"

"Sijaona kitu. Sema."

"Nimevunja."

"Haya. Kakae, unywe chai. Mkono uliovunja una hasira na una haya, na chuma hakitaki hata kimoja."

Oti, aliyekuwa mtu wa kuchomelea, akanimiminia chai na kunyamaza, na kwa mtu kama Oti kunyamaza ilikuwa zawadi kubwa. Yeye mdomo wake haukuwa na breki. Akimwona mteja amekuja na boksi la gia limeharibiwa na fundi mwingine alikuwa anavua kofia: "Buda, pole sana kwa kufiwa. Marehemu alitibiwa wapi?" Alikuwa mtu wa Kaloleni, mzaliwa wa mtaa, mke wake akiwa na mtoto mchanga, na kila kitu kwake kilikuwa mchezo isipokuwa Wambua. Wambua ndiye aliyemtoa kwenye kubeba mizigo sokoni akamfundisha kushika moto.

Nilikuwa mpangaji kwa Wambua pia, na nikisema mpangaji nasema pazia. Zile nyumba za reli za Makongeni zilikuwa chumba kimoja, na wao walikipata kupitia kwa shemeji yake aliyekuwa akifanya kazi reli. Mama Mueni alikata chumba kwa shuka la kuchapwa tausi. Upande wa dirisha walilala wao, upande wa mlango nililala mimi na Mueni, ambaye wakati huo hakuwa amefika umri wa kwenda shule na alikuwa anapiga mateke usingizini. Kwenye kipande hicho cha sakafu ndipo tulipopika na kula. Mama Mueni alikuwa anapika muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kutoa maganda na maharage, yanatokota kwenye jiko la makaa mchana kutwa, na mimi zamu yangu ikifika nilikuwa napika omena. Wambua alikuwa anafungua mlango wazi.

"Nyinyi watu wa magharibi," anasema, "hata mtoto wa samaki aliyezaliwa jana hamumwachi?"

"Baba Mueni, kula. Ana vitamini ya macho," mkewe anamjibu.

"Anayo. Mwenyewe amenikodolea."

Na anakula, anaomba tena. Nikikumbuka mwaka ule sianzi na hasira, naanza na hapo, kwenye mlango wazi na harufu ya omena na watu watatu na mtoto wakicheka. Sikuwahi tena kukaa katika chumba kidogo namna ile na kuhisi nafasi namna ile.

Sijui ilianza lini. Nadhani niliona kabla sijajua kwamba naona. Mama Mueni aliepua sufuria ya chai siku moja, akamimina kwenye vikombe vya bati, na wote tulivishika kwa kona ya leso isipokuwa Wambua, aliyekizungushia kikombe chake kiganja kizima akawa anatuhadithia kitu. Nikawaza ni ugumu wa mikono ya kazi. Halafu Mueni akawa na mchezo asubuhi wa kumfunga baba yake vifungo vya shati, na sote tulicheka jinsi alivyotoa ulimi akihangaika navyo. Ilinichukua muda kuona kwamba hata asubuhi mtoto alipokuwa amelala, Wambua alimngoja aamke.

Kazini akaanza kuvunja. Kuvunja si aibu, kila mtu anavunja. Alivunja, akasema, akarudi nyuma, nikatoa, akanywa chai. Wiki ile ile akavunja tena. Mwezi uliofuata nikaona anaangalia kidole chake gumba kama mtu anayesoma saa iliyosimama. Alikuwa hafungi macho tena. Alikuwa anaitazama tapu kwa macho makali, akiuma meno, na mimi niliyekuwa upande wa pili wa meza nilikuwa naona kile chuma kikipinda, naona wazi, na yeye anaendelea kuzungusha.

Siku ilipovunjika tapu ya pampu ya kanisa fulani, iliyoletwa na wazee wake wakiwa wamesimama papo hapo wanangoja, Wambua alifungua kinywa kusema, na Oti akamtangulia. "Ni mimi hiyo, mzee. Asubuhi niliijaribu ukiwa umeenda kununua grisi. Niliiingiza upande. Nimevunja." Na akaweka mikono juu kama mwizi. Wambua akamtazama. Nilitegemea atamkemea. Badala yake niliona mabega yake yakishuka, akapumua, akasema, "Haya, kakae," na akaitoa ile tapu mwenyewe, kwa patasi na subira, mchana mzima. Wazee wa kanisa walimshukuru. Jioni ile alitembea kurudi Makongeni akipiga mluzi.

Mchana wa kesho yake, Wambua alipoenda kunawa bombani, Mzee Shikuku aliweka bakuli lake la maharage chini akasema bila kumtazama mtu, "Oti jana alifanya vizuri." Hakuna aliyeuliza vizuri gani. Oti akasema, "Akikaa nje ya kazi yule atakufa. Si ni kweli? Mnamwona Wambua akiuza karanga?" Mzee Shikuku akasema mkono unaweza kupona, watu hupata ganzi, inapita. Kila mtu akaitikia kwa kichwa. Wakanitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyesimama naye meza moja. Nikasema, "Na akiumia?" Oti akajibu, "Sista, wewe unakula kwake." Kisha Wambua akarudi akikung'uta maji mikononi, na mazungumzo yakahamia mpira.

Nataka kuwa mkweli kuhusu yale yaliyofuata. Hawakuwa watu wa uongo. Ulikuwa upendo, na ulikuwa na mpangilio wake. Tapu ikivunjika kwenye vaisi ya Wambua, aliyekuwa karibu alikuwa anaichukua: niliianza mimi, niliipiga mimi, mimi ndiye niliyechagua drili mbaya. Hata Mzee Shikuku, mwenye karakana, mara moja aliinua mkono. Mimi sikuwahi kuchukua. Nilikuwa nanyamaza, nashughulika na drili yangu, na wenzangu wakaanza kuniona mgumu wa moyo. Labda nilikuwa. Kila nilipotaka kusema "ni mimi" nilikumbuka siku yangu ya machozi na neno lile lilivyonipa nafasi ya kupumua, nikaona ni kama kumwibia. Lakini pia inawezekana nilijiona bora kuliko wao, na hilo nalo naliweka hapa lilivyo.

Kisha ikaja injini ya kinu cha kusaga mahindi kutoka Majengo. Stadi moja, yaani bolti isiyo na kichwa, ilikuwa imekatikia ndani ya bloku, mwili wa injini, sawasawa na uso wa chuma, hakuna pa kushika. Mwenye kinu, mama mmoja wa makamo, alikaa kwenye debe karibu na mlango, akasema hatatoka mpaka aione imetoka. Oti akachomelea nati juu ya ule mguu ili tupate pa kuweka spana. Wambua akachoma bloku kwa gesi mpaka ikabadilika rangi, akaweka chombo cha gesi chini. Akashusha kiganja cha kushoto, polepole, kama kawaida yake. Nilingoja aseme "Bado." Kiganja kikaendelea kushuka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza. Kikashuka mpaka kikakaa juu ya chuma, na bado alikuwa anasikiliza, na mimi nikasikia harufu, nikafikiri ni ya sokoni, kichwa cha mbuzi kinachochomwa manyoya, kisha nikaona upepo unavuma upande mwingine.

Nilimvuta kwa ovaroli. Mama wa Majengo akapiga kelele, "Ya Rabi, mkono wake!" Wambua alikiinua kiganja akakitazama mbele ya uso wake, na ngozi ilikuwa imebaki kwenye bloku. Hakulia. Alikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Alifungua kinywa. Na Oti, aliyekuwa upande wa pili kabisa wa bloku ameshika waya wake wa kuchomelea, akaruka: "Ni mimi! Nimekusukuma, mzee, nimeteleza, nimekuangukia mgongoni. Pole, pole sana!" Mzee Shikuku akadakia kwa sauti kubwa, "Oti, wewe mzembe! Utaua mtu hapa!" Wengine wakamshambulia Oti kwa maneno, kila mmoja na lake, mpaka hata mimi karibu nimwone akisukuma. Wambua akawatazama mmoja mmoja. Kisha akasema, polepole, "Oti. Umenisukuma." Na mabega yakashuka vile vile kama siku ya pampu.

Jumapili Mama Mueni alidhani nimeenda kwaya. Nilikuwa na homa, nilikuwa nimejilaza upande wangu wa pazia, na Mueni alikuwa nje akicheza. Ilikuwa mchana, jua lilikuwa linapita kwenye tausi na kuwafanya wang'ae. Nilimsikia Mama Mueni akimfungua mumewe bandeji, maji yakimwagika kwenye beseni.

"Kwenye zahanati wamesema upimwe sukari."

"Sukari inahusiana nini na mtu kusukumwa?"

"Baba Mueni, mkono huu haukuumi?"

Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ni kama nimevaa glavu. Yote miwili. Nimeivaa na siwezi kuivua." Na baada ya muda sauti yake ya kawaida ikarudi. "Lakini huu ni wa Oti. Kesho narudi, na nitamwambia Shikuku achague, ni mimi au ni yule kijana. Leo ni mimi, kesho ataua mtu."

"Oti ana mtoto mchanga."

"Na mimi nina mkono."

Niliketi godoroni. Kama nisingesema, kesho Oti angefukuzwa kazi na mtu aliyempenda kuliko baba yake, na kwa ukaidi wake angekubali lawama ile, na Wambua angeweka mkono wa pili kwenye chuma. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na bado naamini. Lakini kuna siku naamka nikijua kwamba nilikuwa nimechoka pia, nimechoka kuwa mgumu wa moyo kimya kimya, na nilitaka jambo liishe. Nikasukuma pazia.

"Baba Mueni."

"Kumbe uko?" Mama Mueni akashtuka.

"Oti hakukusukuma. Alikuwa upande wa pili."

Wambua hakukasirika. Aliketi kitandani, kiganja chake kikiwa wazi juu ya goti kama kitu kinachouzwa. "Alisema mwenyewe."

"Alisema. Na tapu ya pampu ya kanisa pia alisema, na haikuwa yake."

"Nyingine ni zipi?"

Nikamtajia. Lile boksi la gia la lori la mchanga. Ile pampu ya pili. Ile aliyoinulia Mzee Shikuku mkono. Kila niliyoitaja alikuwa anafunga macho kidogo, kama zamani akisikiliza chuma.

"Nani alizitoa?"

"Wewe."

"Mimi mwenyewe."

"Ndiyo, Baba Mueni."

"Nilivunja, nikatoa mwenyewe, na mlikuwa mmesimama pale mnajua wote."

Mama Mueni alikuwa bado ameshika ncha ya bandeji. Hakunitukana. Alisema tu, "Nekesa, si ungengoja hata Jumapili ipite," na mpaka leo hakuna neno nililowahi kuambiwa lililonikata kama hilo, kwa sababu Jumapili kweli ilikuwa bado, jua lilikuwa dirishani, mtoto alikuwa anaimba nje, na wangeweza kuwa na siku hiyo.

Jumatatu alifika karakana kabla yangu. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vya kupishana. Mueni alikuwa amelala, na mkewe hakuruhusiwa kusaidia. Watu walikuwa wamesimama tu. Injini ya Majengo ilikuwa palepale, stadi ndani yake, nati ya Oti juu yake, hakuna aliyekuwa ameigusa, na yule mama alikuwa amerudi kwenye debe lake. Wambua akasimama mahali pake kwenye vaisi. Akaiweka spana yake mezani, akainyoosha iwe sambamba na ukingo. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Nimevunja." Na akarudi nyuma.

Hakuna aliyesogea. Oti alianza, "Mzee, sikiza..." na Wambua akainua mkono wa bandeji, Oti akanyamaza. "Mkono uliovunja hautoi," akasema. "Nani anatoa?" Alingoja. Aliendelea kungoja, kwa sababu sheria inasema mtu mwingine aje mahali pake, na bila mtu kuja hangeweza kuondoka. Nikaenda mimi. Ni meza yangu, sikuona kama kuna mwingine. Nikachoma bloku, nikagusisha mshumaa, nikaona nta ikinyonywa. Niliifunga spana kwenye nati. Nilifumba macho. Nilizungusha mbele kidogo, nyuma kidogo, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu, kisha kitu kikalegea ndani ya chuma, kidogo sana, kama mtu anayekubali jambo bila kupenda. Stadi ililia ikitoka. Mama wa Majengo akasema, "Alhamdulillahi." Nilipofumbua macho Wambua alikuwa ameinamia tundu, akitazama thredi za ndani. Zilikuwa nzima. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kuelekea tundu, si kuelekea kwangu, akachukua kofia yake. Mzee Shikuku alimfuata mpaka barabarani, akarudi peke yake.

Mkono ulipona. Ilikuwa sukari, kama zahanati walivyosema, na kwa kuwa aliacha moto na chuma mapema, hakupoteza hata kidole. Akawa bawabu wa shule ya watoto wadogo, anafungua geti asubuhi, analifunga mchana. Mimi nilihama wiki ile ile. Nilirudi nikakuta nguo zangu zimekunjwa vizuri juu ya godoro, na omena yangu iliyobaki imefungwa kwenye gazeti. Nilibaki na meza yake kwa miaka mingi. Kwa Oti hakuwa na kinyongo kirefu. Walicheza drafti pamoja uwanjani kila Jumamosi mpaka uzee, na nilipopita nje ya uwanja nilikuwa nasikia vicheko vyao. Nimejaribu kuliona hilo kuwa si haki, na siwezi. Aliyemdanganya alimpa miezi ya kupiga mluzi njiani. Mimi nilimpa vidole vyake, na geti la kushika navyo. Sijui ningetaka kipi kama ningekuwa yeye.

Jioni ya siku ile Mueni aliponipigia simu nilienda Makongeni. Hema lilikuwa nje, viti vya plastiki, wanawake wa kanisa wakiimba kwa sauti ya chini. Mama Mueni alinishika mikono yote miwili, akaniachia, akageukia mwingine. Mueni aliniletea chai akakaa nami kidogo. Akaniambia baba yake aliishiwa na maneno tangu Alhamisi, hospitalini alikuwa anawatazama tu, hakutamka hata jina la binti yake, mpaka Jumatatu alipokata roho. Alilia kidogo begani kwangu, kisha wageni wakamwita.

Oti akaja akakaa kwenye kiti alichoacha Mueni. Amekuwa mzee, ana miwani minene, makovu ya moto mikononi yamekuwa meupe.

"Niaje, fundi."

"Poa, Oti. Pole."

"Pole yetu sote." Akanywa chai, akatazama watu waliokuwa wakiimba. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Nilikuwa naye Jumapili mchana. Tulikuwa sisi wawili tu. Alikutaja. Akasema, 'Nekesa alitoa ile stadi vizuri. Msalimie fundi wangu.'"

Nikamtazama. Aliinua kikombe kikamfunika uso. Wakati huo waimbaji walikuwa wamefika mwisho wa wimbo, na palikuwa na kimya cha kutosha kwa mtu kusema lolote analotaka kusema.

"Alisema hivyo?" nikauliza.

"Si nakuambia? Kwa sauti yake mwenyewe."

Nikamwomba anisimulie tena. Akanisimulia tena, na mara hii akaongeza kwamba mzee alicheka.